Mji wa Kulala Hautolewi

Hakuna aliyekula kitumbua cha Bi Mwanamkasi bila kwanza kukitolea jasho la kichwa.

Barazani kwake, katika mtaa mmoja wa ndani kule Ngamiani, palikuwa na jiko la mkaa, chuma cha vitumbua kilichokolea weusi, beseni la unga wa mchele uliolala na tui ukaumuka, na pembeni ya beseni, kopo la siagi lililojaa vizibo vya soda. Vizibo hivyo alivigongagonga kwa nyundo vikawa bapa, kisha kila kimoja akakiandika herufi kwa rangi ya kucha, nyekundu ya biharusi. Mteja akifika, awe mtoto wa chuoni na juzuu yake kwapani au mzee aliyetoka kuswali, alikuta vizibo vimemwagwa juu ya sinia, vimevurugwa, havina kichwa wala miguu.

“Haya, humo mna neno. Litoe.”

Mtu atainama, atasogeza kizibo hiki, atarudisha kile, na nyuma yake watu wanangoja, mafuta yanalia kwenye chuma. Akilipata neno anashangilia, ananyoosha mkono kwenye vitumbua, na Bi Mwanamkasi anampiga kofi dogo la vidole.

“Na maana yake?”

“Si nimeshalitaja, bibi?”

“Neno bila maana ni kitumbua bila nazi. Utatafuna, lakini umekula nini?”

Aliyeshindwa hakunyimwa kitumbua chake, biashara ni biashara, ila alidaiwa mji, kama wanavyodaiana watega vitendawili. “Umeshindwa? Nipe mji.” Naye atasema, chukua Korogwe. Hapo Bi Mwanamkasi anakaa vizuri, anajifunga kanga, na baraza zima linatega sikio, maana aliyepewa mji ni lazima ausimulie.

“Korogwe nimeipokea. Nimekwenda Korogwe, nimepokewa kwa machungwa, nimelazwa kitanda cha besera. Wenyeji wakaniuliza, yule mliyemwacha Ngamiani, asiyejua shubaka, hajambo? Nikawaambia hajambo, kaduwaa tu. Shubaka ni tundu la ukutani la kuwekea taa na vikorokoro. Hilo hapo nyuma yako, mwanangu, umeliegemea.”

Watu wanacheka, vitumbua vinafungwa kwenye gazeti, anakuja mwingine.

Bi Mwanamkasi hakupelekwa shule alipokuwa mdogo. Kusoma alikujulia ukubwani, katika kisomo cha watu wazima, wakati ule tayari yumo ndani ya nyumba hiyohiyo aliyoachiwa na mama yake. Mwalimu wao alikuwa na mtindo wake: analifuta neno ubaoni, anawagawia akina mama herufi zake kwenye vipande vya boksi, kila mmoja na yake, kisha anawaambia wasimame mbele wajipange mpaka neno litimie. Siku yake ya kwanza Bi Mwanamkasi alipewa M. Akasimama nyuma ya wenzake wawili, mmoja kabeba T, mmoja kabeba U, kwa haya zake tu. Mwalimu akamwambia, mama, sogea mbele.

“Nilivyosogea tu,” alipenda kusimulia, “darasa zima likasoma: mtu! Mwili ulinisisimka. Kumbe mie nikisimama mahali pangu, panakuwa na mtu.”

Zuwena, mke wa mwanawe, alilijua kopo lile siku aliyotoka fungate. Alikuwa ameletwa kutoka Muheza, msichana wa darasa la saba, mchache wa maneno, anayeona mengi na kusema kidogo. Mumewe, Luqmani, ni fundi baiskeli. Naye hakuwa mtu wa maneno. Basi asubuhi hiyo Zuwena akatokeza barazani na kanga yake mpya iliyokuwa bado inanuka upya wa dukani, akaamkia, “Shikamoo, mama,” na kabla marahaba haijafika mwisho, sinia liko mbele yake.

Alisogeza vizibo mpaka kipaji kikaloa. Wateja wakawa wanamtazama biharusi. Kwenye baraza la pili, Nasma, fundi cherehani, alikwishaacha kushona ili asipitwe.

“Nimeshindwa, mama.”

“Nipe mji.”

Zuwena alitaka kupendeza. Akafikiri, mkwe hupewa kilicho bora. Akasema kwa heshima zote, “Chukua Ngamiani, mama.”

“Lahaula!” akasema Nasma kule.

Bi Mwanamkasi akakiweka chini kijiti chake cha kugeuzia. Hakukasirika, ila alisema polepole, kama anayemfundisha mtoto kushika kisu. “Mwanangu, mji wa kulala hautolewi. Ukinipa mie Ngamiani, wewe leo utalala wapi? Unatoa mji unaoweza kukaa bila ya huo. Toa mwingine.”

Zuwena akatafuta mwingine. Miji mingine ilimkimbia yote. “Basi... chukua Muheza.”

Neno lilipomtoka ndipo alipolisikia, maana Muheza ndiko alikomwacha mama yake na wadogo zake. Bi Mwanamkasi alimtazama usoni, na safari ile hakuisimulia kwa mzaha.

“Muheza nimeipokea. Nimefika, nimemkuta mama yako hajambo, anapepeta mchele. Kaniambia, huyo nimekupa, mtunze.” Akamchagulia kitumbua cha kwanza kutoka chumani, cha mwanzo wa mafuta. “Na neno lenyewe ni kizingiti. Mbao ya chini ya mlango. Mtu huivuka mara ya kwanza mgeni, mara ya pili mwenyeji. Kula.”

Tangu siku hiyo, kila mtu akajua nani kipenzi cha nani katika nyumba ile.

Kiharusi kilimkuta Bi Mwanamkasi akikoroga unga. Zuwena alikuwa chumbani na kichanga chake, Uweso, ambaye hata arobaini hajaifikia, akasikia beseni likianguka na halikufuatiwa na kelele za mkwewe za kulaani paka. Kimya kile ndicho kilichomtoa mbio. Wakampeleka hospitali, wakamrudisha. Roho ilisalimika, ila upande wa kulia ukawa kama wa kuazima, na ulimi ukawa mzito. Maneno yalimtoka kama uji uliomwagika, hayana umbo. Mwenyewe aliyasikia. Alijaribu siku mbili tatu, akaona watu wanavyoinama na kukunja nyuso, akafunga mdomo. Mwanamke aliyeuza maneno kuliko vitumbua akaacha kusema.

Zuwena akawa na watoto wawili, mmoja mdogo na mmoja mkubwa. Wote walilishwa, wote walioshwa, wote walifuliwa. Uweso alishinda mgongoni ndani ya mbeleko, na Zuwena akamwinua mkwewe kitandani na mbeleko vivyo hivyo, mzigo nyuma, mzigo mbele. Usiku mgongo ulimuuma akalala kwa ubavu, hasemi. Nasma ndiye aliyemwona siku moja ameshika ukuta.

“Shoga, utakatika wewe.”

“Nikikatika utanishona.”

“Nashona nguo mie, sishoni viuno.”

Muuguzi alikuwa amewaambia wampe mgonjwa kitu cha kufanya kwa mkono ulio mzima, asikae bure. Zuwena akawaza, akaliteremsha kopo la siagi, akavimwaga vizibo kwenye sinia lilelile, akamwekea pajani. Kwa muda Bi Mwanamkasi alivikoroga tu kwa mkono wa kushoto, kama anayechagua mchele. Halafu mchana mmoja, akilishwa uji, alikisukuma kijiko kando. Kidole kikaanza kutoa kizibo kimoja kimoja. V. I. M. H. U. C.

Zuwena akaweka bakuli chini. Akavitazama. Akapeleka kile mbele, akaleta hiki nyuma, na alipomaliza akabaki mdomo wazi.

“Chumvi! Mama, uji hauna chumvi?”

Bi Mwanamkasi akafumba macho, akayafumbua, kama mtu anayesema alhamdulillahi, hatimaye kuna mwenye akili nyumba hii. Zuwena alicheka mpaka machozi yakamtoka, akalia kabisa, Uweso mgongoni naye akadakia kulia asijue kwa nini. Nasma akaja mbio na sindano mkononi.

“Makubwa! Mtu kanyamaza muda wote huo, neno lake la kwanza anakusuta?”

“Na anisute!” akasema Zuwena, akijifuta kwa ncha ya kanga. “Nilikuwa na hamu naye mno.”

Ndivyo wakawa wanazungumza. Herufi zote alikuwa nazo, mpango wake tu ndio uliopotea njiani. Bi Mwanamkasi alizitoa zilivyomjia, Zuwena akazipanga, akamuuliza, “Ndilo, mama?” Likiwa ndilo, mama anafumba macho. Likiwa silo, anavifagia vizibo vyote kwa kiganja na kuanza upya. Alitaka mto. Alitaka dirisha lifunguliwe asikie mtaa. Jioni moja alitoa herufi nyingi, Zuwena akahangaika nazo mpaka akapata: mbeleko. Hakuelewa anataka nini, mpaka alipoona jicho la mkwewe limemkazia mgongo. Lilikuwa neno alilomtegea Zuwena siku Uweso alipozaliwa, na maana yake aliitoa mwenyewe siku ile: nguo ya kumbebea mtoto, na aliyebebwa naye siku yake ikifika abebe. Mama alikuwa anasema pole.

Sasa, Bi Mwanamkasi alikuwa na binti mkubwa, Sabiha, dada yake Luqmani, aliyeolewa Ushongo. Sabiha hakuwa mtu mbaya hata chembe. Kila alipopiga simu alilia. “Nyie mko wawili, mna kichanga, nyumba finyu, kelele za mtaa mchana kutwa. Huku kwangu kuna uwanja, kuna upepo, mie na wanangu watu wazima tutampokezana. Nileteeni mama yangu.”

Ulikuwa usemi wa haki, na Luqmani alilijua hilo. Aliuona mgongo wa mkewe. Lakini hakutaka mama ahamishwe kama kabati. Wakamuuliza, mama, utakwenda kwa Sabiha? Akatokwa na machozi. Mama, utabaki hapa? Akatokwa na machozi. Tangu kiharusi kimpate kilio chake kilikuwa hakisomeki: alilia akifurahi, alilia akiudhika, alilia hata Uweso akipiga chafya.

Jioni moja Zuwena yuko uani anasuuza nepi, akamsikia mumewe anamwita. “Mama Uweso! Njoo utusomee.”

Akaingia anajifuta mikono. Sinia lilikuwa kitandani. Upande mmoja vizibo vimerundikwa, upande wa pili vimetolewa saba: G, O, S, U, N, H, O. Zuwena alikuwa amekwishakuwa mwepesi wa kazi hiyo. Akasogeza, akasogeza.

“Ushongo,” akasoma. “Ndilo, mama?”

Bi Mwanamkasi akafumba macho. Ndilo.

Luqmani akashusha pumzi. “Nimemuuliza mji. Kajibu mwenyewe, sikumtia neno mdomoni.” Akainuka, akatoka nje kumpigia dada yake.

Zuwena alisikia kitu kimemlegea mgongoni, kama mzigo uliokatwa kamba, na hapohapo akauonea haya wepesi ule. Kwa kuona haya hakumtazama mkwewe sawasawa. Laiti angemtazama. Alimwona kwa pembe ya jicho tu: mama kainua uso, anautazama mlango aliotokea mwanawe, uso wa mtu anayengoja kusimuliwa jambo. Alingoja mpaka uji ukaletwa. Hakusimuliwa kitu.

Siku zilizofuata nguo zikakunjwa, kanga zikafungwa bunda, sufuria yake ya uji ikafungwa na kamba. Bi Mwanamkasi aliyaona yale mafurushi yakiongezeka pembeni ya mlango. Akaugeukia ukuta. Zuwena akampelekea sinia, mama akalipiga kwa mkono wa kushoto vizibo vikatawanyika hadi uvunguni. Uji akaukataa. Wageni waliokuja kuaga wakatikisa vichwa: uchungu wa kuagana huo, atazoea, akifika kwa bintiye atatulia. Zuwena akaviokota vizibo kimoja kimoja, na Uweso, ambaye sasa alishika kila kitu, karibu akimeze kimoja. Moyo wake ulikuwa mzito, akauambia moyo, wewe nyamaza. Mke wa mwana akisema mama asiende, wataambizana anamng'ang'ania mgonjwa ili asifiwe wema. Akisema aende, wataambizana kamtupa.

Asubuhi ya safari Nasma alifika mapema na kanga ya zawadi. Akachungulia chumbani, akatoka kanywea, akamkuta Luqmani barazani anapaka mnyororo grisi, mtu asiyejua aiweke wapi mikono yake.

“Luqmani, mie sisemi kitu, si nyumba yangu. Lakini huyu bibi aende Ushongo? Huyu ambaye kengele ya baiskeli ikikawia kulia anauliza nani kafa mtaani?”

“Kasema mwenyewe, da Nasma.”

“Kasemaje?”

“Kwa vizibo vyake. Ukimuuliza wazi analia, basi nikasema nimuulize kwa mchezo wake, labda moyo utafunguka. Nikamvurugia neno, akashindwa. Nikamwambia, nipe mji. Akanipa Ushongo.”

Zuwena alikuwa ndani ya mlango, anafunga mbeleko. Mikono ikamsimama na fundo nusu. Uweso akateleza, akamdaka kwa nyonga.

Alijiona mwenyewe palepale, na kanga mpya inayonuka upya wa dukani, na sinia mbele yake. Unatoa mji unaoweza kukaa bila ya huo. Kwani yeye Muheza aliitoa kwa kuwa anataka kwenda kukaa Muheza? Aliitoa kwa kuwa ameshahama. Na huyu mume wake, Mungu amsamehe, tangu utoto alipita barazani mbio, akaokota kitumbua, akaenda zake. Mwana wa mwenye jiko hategewi neno. Alijua mji unaombwa. Hakujua mji gani hutolewa.

Nje gari likalia honi. Pikapu la jirani yake Sabiha lilikuwa limesimama, godoro jipya nyuma limefungwa kwa nailoni, mto juu yake.

“Hodi wenyewe!” Sabiha alishuka na baibui lake limejaa vumbi la njia, akamkumbatia mdogo wake, akambusu Uweso kisogoni, akaelekea chumbani moja kwa moja. Zuwena, na Uweso wake mgongoni, alikwishamtangulia mlangoni. Hakupisha.

“Wifi,” akasema, na sauti ilimtoka ndogo, “kabla hamjambeba, naomba tumuulize tena.”

“Tumuulize mara ngapi, wifi? Kitanda nimeshakielekeza dirishani. Kuku nimemwacha jikoni.” Akamtazama, macho yakaanza kumeta. “Au hutaki nimtunze mama yangu? Sema tu.”

“Si hivyo. Nani hataki kusaidiwa? Mgongo wangu huu wenyewe unataka aende.” Zuwena hakuwahi kulitamka hilo kwa mtu, akalitamka, akaendelea kabla halijamrudi. “Lakini wewe umekulia kwenye lile sinia, wifi, nambie wewe. Baba Uweso hakumuuliza anataka kukaa wapi. Alimtegea neno, akamshinda, akamdai mji.”

Sabiha akalidaka neno. “Akamdai mji?”

“Akapewa Ushongo.”

Sabiha akageuka taratibu. “Luqmani.”

“Nini tena?”

“Luqmani wewe! Ulishindwa kujua mji wa kulala hautolewi?”

“Mie nitajuaje? Sijawahi kushindwa!”

“Hujawahi kucheza! Ulikuwa unakula tu!” akasema Nasma kutoka nyuma, na Sabiha, machozi yakiwa yamekwishafika kidevuni, alicheka kwa ghafla akajishika mdomo.

Wakaingia. Bi Mwanamkasi alikuwa kaugeukia ukuta, kanga hadi shingoni. Zuwena akamkalisha, akamwegemeza mito, akaliweka sinia pajani pake. Sabiha akapanda kitandani akakaa miguu ya kukunja, kama alivyokaa alipokuwa mtoto wa kusukwa nywele za vitunguu. Akachota vizibo, akavivuruga mbele ya mama yake. Mama hakuvigusa, wala hakugeuza uso.

“Umeshindwa, mama,” Sabiha akasema. “Nipe mji.”

Halafu mkono wa kushoto ukasogea. N. A. P. I. G. N. A. Zuwena akapanga kimyakimya.

“Pangani,” akasema Sabiha. Akalikusanya vizuri baibui, akakaa sawa, akavuta pumzi. “Pangani nimeipokea. Nimekwenda Pangani, nimevuka na kivuko, nimekalishwa kwenye mkeka mpya, nimeletewa samaki wa kupaka mpaka vidole vimenata. Wenyeji wa Pangani wakaniuliza, eti Bi Mwanamkasi wa vitumbua kanuna, kanunia nini?”

Uso ukageuka kutoka ukutani. Upande wa mdomo uliosalimika ukapanda kidogo. Luqmani aliyekuwa mlangoni akaiona ile dalili ya kicheko, akafahamu sasa kile alichokuwa anakingoja mama yake jioni ile: alingoja asimuliwe Ushongo.

“Nipe mwingine.”

Mkono ukafanya kazi yake polepole. Zuwena alizijua herufi hizo hata kabla hazijatimia. Sabiha naye alizijua. Ulikuwa mji wake, wa mumewe na wanawe, alikokitandika kitanda dirishani. Akazitazama zote saba.

“Ushongo nimeipokea,” akasema, na sauti ikamkatika katikati. “Nimefika, mama, nimeikuta nyumba yangu haijambo. Chumba chako kina upepo.” Akajifuta pua kwa mkono wa baibui. “Wanasema, mgeni akija atakaribishwa. Asipokuja, hawatanuna.”

Kisha akamsogelea mama yake, akamtazama machoni, akaomba jambo ambalo katika mchezo ule haliombwi.

“Sasa nipe Ngamiani.”

Bi Mwanamkasi alimkazia macho. Kiganja kikatua juu ya vizibo. Zuwena alifikiri atavifagia kando, kama afanyavyo neno likiwa silo. Hakuvifagia kando. Alivivuta. Alivivuta vyote kuja kwake, vingine vikadondoka magotini, akavikumbatia kwa mkono wake mmoja hadi tumboni, akavifunika kwa ncha ya kanga, na juu ya kanga akaweka ngumi. Na mdomo uliokuwa umefungwa tangu alipouonea haya ulimi wake ukafunguka.

“Ha... to... le...”

Lilitoka limepondeka, silabi moja imekwama, nyingine imezama kwenye mate. Hakuna aliyehitaji kulipanga.

Sabiha akamwangukia mapajani, vizibo vikamchoma shavu, akalia kwa sauti. Bi Mwanamkasi naye akalia, na safari hii kilio chake kilisomeka na kila mtu. Luqmani akasema, “Nisamehe, mama,” kisha akaenda kufungua mafurushi.

Ikabaki habari ya mgongo, maana mapenzi hayamwinui mgonjwa. Zuwena alikuwa amekwishaanza kuinama kumrudisha mama kwenye mto, kwa mazoea, alipohisi mbeleko inafunguliwa nyuma yake. Ni Sabiha. Alimtoa Uweso, akamweka begani, akauona mkono wa wifi yake unavyokwenda wenyewe kiunoni.

“Lishusheni hilo godoro,” akamwambia mwenye pikapu kupitia dirishani. “Lije ndani.”

“Si ulisema la mama?”

“Ni langu. Nalala hapa mpaka huyu mtu apone mgongo. Nikiondoka, binti yangu mkubwa anakuja, akiondoka narudi mie. Ushongo ni yangu, nimepewa, haikimbii.” Akamgeukia Zuwena, akashusha sauti. “Na wewe, wifi, siku nyingine ukiumwa useme. Au mpaka tukutegee kwa vizibo?”

Zuwena akacheka. Mgongo ulimuuma alipocheka, akacheka tu.

Mchana huo wakambeba Bi Mwanamkasi hadi barazani, Luqmani huku, Nasma kule, wakamkalisha kwenye kiti cha kuegemea, palepale lilipokuwa jiko lake. Mtaa ukamwona. Kengele za baiskeli zikalia, za waliokuwa na sababu na za wasiokuwa nayo. Zubeiri muuza kahawa akapita na mdila wake, akasimama, akaamkia kwa sauti kubwa kana kwamba kiharusi kiliziba masikio.

Bi Mwanamkasi akanyoosha kidole kwenye kopo. Zuwena akamwagia vizibo kwenye sinia. Kidole kikatoa vitatu tu, kikavisukuma mbele ya Zubeiri, vimevurugika. U. M. T.

“Haa, mie nina kazi, bibi,” akasema Zubeiri, lakini mdila alikwishautua chini. Akainama, akavizungusha. “Mtu! Nimelipata. Mtu.”

Bi Mwanamkasi akamtazama Zuwena. Zuwena akaelewa zamu imemwangukia nani. Akajifunga kanga vizuri.

“Na maana yake?”

“Maana yake?” Zubeiri akajikuna kichwa, akatazama kulia, akatazama kushoto, mwisho akamnyooshea kidevu mama aliyekaa kitini. “Mtu si ndiye huyo hapo, kakaa mahali pake ananichelewesha na kahawa inapoa!”

Bi Mwanamkasi akafumba macho. Ndilo.